Kukosekana kwa sauti kwenye kompyuta ya Linux

Kompyuta ya mezani ya Linux ikikosa sauti, mara nyingi kasoro iko kwenye mipangilio, si kwenye spika. Sauti hupita tabaka mbili: PipeWire, iliyochukua nafasi ya PulseAudio katika Ubuntu 22.10 mwaka 2022, huchagua pa kuipeleka. ALSA, iliyomo ndani ya kiini cha mfumo, huendesha kadi ya sauti. Skrini ya HDMI ikichomekwa, sauti yaweza kuhamia huko na spika zikabaki kimya. Katika programu ya alsamixer, herufi MM chini ya mlingoti wa sauti huonyesha kwamba imezimwa. Bonyeza M kuiwasha. Wapo wanaoshauri kusakinisha mfumo upya. Kazi hiyo ni kubwa, na chanzo hubaki hakijulikani. Amri ya aplay -l isipoorodhesha kadi yoyote, hapo ndipo kiendeshi au kadi yenyewe ishukiwe.