Siku 12 za mzee Rureke: mchezo wa Mwindo huko Walikale, 1956

Pengine mumeisha kuona kwenye simu ule mchezo wa sanamu wa Thailand unaoitwa hun lakhon lek. Sanamu moja inachezeshwa na watu 3, wote wanaonekana, na hadithi mara nyingi inatoka katika Ramakien. Msafiri akifika Bangkok, anakata tiketi, anakaa, anaangalia. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini sisi wa Masisi na Walikale, toka Muheto mpaka kwenye misitu ya Wanyanga, tuko na mchezo ambao mtu mmoja tu anakuwa sanamu na mchezeshaji.

Wanyanga wanauita karisi. Mwaka 1956, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimpata mzee Candi Rureke. Kwa siku 12 mzee aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza habari za Mwindo mbele ya watu wengi. Mkono mmoja kibuyu cha kutikisa, mkono mwingine conga, ile fimbo ya mkia ambayo Mwindo alizaliwa nayo. Vijana walimpigia mti mkavu kwa vijiti na kumwitikia. Akifika mahali Mwindo anasema, mzee hasemi "yeye". Anasema "mimi".

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanalipita. Rureke mwenyewe alisema kwamba hakuwahi kuimba hadithi yote kwa siku zinazofuatana. Kijijini watu waliomba kipande, wakacheza, wakala, wakanywa, wakaenda kulala. Kwa hiyo ile "hadithi nzima" tunayosoma ilizaliwa juu ya mgeni aliyeomba yote. Kwangu hiyo haiiharibii heshima yake, lakini lazima tuijue.

Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969. Kina maneno ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jina la pili kwenye jalada ni la mtoto wa Wanyanga, Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha.

Hadithi yenyewe? Shemwindo, chifu wa Tubondo, anakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, anatembea siku ileile, na baba anajaribu kumwua. Mtoto anamfuata baba mpaka kuzimu. Baadaye anajisifu mno, anaua joka Kirimu, na Nkuba, yaani Radi, rafiki wa lile joka, anampandisha juu mbinguni. Kule anateswa na baridi, mvua na jua kali, mpaka kiburi kinaisha. Ndipo anarudishwa kutawala. Hebu fikirini: mbele ya machifu, msanii anaonyesha chifu akiadhibiwa!

Leo vita vimetawanya vijiji vingi vya Walikale na Masisi, wazee wako Goma na kwenye kambi, na baraza la kuchezea halipo. Kitabu kiko kwenye maktaba za mbali. Ukiwa na babu au shangazi anayejua hata kipande kimoja cha karisi, simu yako inarekodi. Muulize pia vijana walikuwa wanaitikia namna gani.