Sauti Juu ya Sauti: Muziki na Usimulizi katika Kanda za Video, Buguruni

Tamthilia ya vichekesho ya WKRP in Cincinnati, iliyorushwa na CBS ya Marekani kuanzia 1978 hadi 1982, ilihusu kituo cha redio; hata hivyo, ilipotolewa kwa DVD mwaka 2007, nyimbo zake nyingi zilibadilishwa kutokana na gharama za hakimiliki. Maneno mengi yalibaki, muziki mwingi ukaondoka. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, katika vitongoji kama Buguruni, mambo yalikwenda kinyume. Msimulizi kama Lufufu aliweka Kiswahili chake juu ya sauti ya filamu ya kigeni, mbele ya watazamaji na pia katika kanda za VHS zilizouzwa. Mazungumzo asilia yalifunikwa; muziki ulisikika vizuri pale tu msimulizi aliponyamaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 humpa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri, hivyo kanda isiyo na idhini hiyo ni haramu. Kwa mwanahistoria, hukumu hiyo haitoshi. Anayehifadhi filamu asilia pekee hahifadhi kilichosikiwa Buguruni: utani na ufafanuzi wa msimulizi havimo humo, na utepe wa VHS huchakaa.