Mzimu, mzuka au jini?

Siku hizi kila kinachotisha watu usiku katika filamu za kuogofya huitwa jini. Haya ni mazoea mabaya. Jini hajawahi kuwa binadamu, aliumbwa hivyo. Pepo naye humpanda mtu. Mzuka, kama kitenzi 'zuka' kinavyodokeza, hujitokeza ghafla ukamshtua mpita njia, basi. Na mzimu je? Huyo ni marehemu mwenye kwao.

Hebu tuipime tofauti hii kwa filamu ya Beloved ya Jonathan Demme (1998), iliyotokana na riwaya ya Toni Morrison ya 1987. Chimbuko lake ni kisa cha kweli. Januari 1856, Margaret Garner, mtumwa wa Kentucky, Marekani, alivuka na familia yake mto Ohio ulioganda barafu hadi Cincinnati. Walipozingirwa na waliowasaka, alimuua bintiye mdogo kwa kisu ili asirudishwe utumwani. Ajabu ni kwamba waliomtetea ndio waliotaka ashtakiwe kwa mauaji! Walikuwa na sababu: mshtakiwa wa mauaji ni mtu, ilhali sheria ya 1850 kuhusu watumwa watoro ilimhesabu kuwa mali ya kurudishiwa mwenyewe. Sheria hiyo ikashinda, akarudishwa.

Morrison alikichukua kisa hicho akampa marehemu nafasi ya kurudi. Kwanza mtoto anaitikisa nyumba. Akifukuzwa, anatoka majini akiwa msichana mkubwa, anajiita kwa neno pekee lililochongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Jina lake halisi hatuambiwi kamwe. Anakula, analala, anamng'ang'ania mamake, anataka aelezwe kwa nini aliachwa.

Sasa huyo ni mzuka kweli? Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alishikilia ati ni mzuka, kwa kuwa anatisha. Mimi nasema ni mzimu. Katika jamii nyingi za Kibantu, mzimu hutambikiwa na kutajwa ili utulie; unaposahauliwa, hurudi kudai haki yake kwa jamaa, si kwa mpita njia. Mfasiri akiandika 'jini', mtazamaji wa Kiswahili atamwona adui aliyevamia nyumba ya watu. Kumbe ni binti wa nyumba hiyo, na aliyemfanya mzimu ni sheria iliyomhesabu mamake pamoja na mifugo.