WhatsApp: una dakika 15 za kurekebisha ujumbe

Umeandika kwenye kundi kuwa mgao wa chakula ni Jumanne, kumbe ni Jumatano. Ndani ya dakika 15 unaweza kuurekebisha ujumbe huo: ubonyeze kwa muda, chagua kuhariri, andika upya, tuma. Huduma hii ilianza Mei 2023.

Wenzako wataona alama kwamba ujumbe umehaririwa, ila maneno ya awali hawatayaona. Ndiyo maana muda mfupi una faida: mtu hawezi kugeuza leo alichokubali jana.

Dakika hizo zikipita, unaweza bado kuufuta kwa wote, kwa takriban siku mbili. Lakini kufuta hakumrudishi nyumbani aliyekwisha kwenda kupanga foleni. Hata kuhariri hakumpigii mtu mlio mpya kwenye simu, na nakala zilizosambazwa kwenye makundi mengine hubaki na kosa lilelile. Kwa taarifa za mgao, kliniki au usajili, ni salama zaidi kutuma ujumbe mpya: “Si Jumanne, ni Jumatano,” pamoja na tarehe, na kuwaomba waliousambaza ule wa kwanza wautume na huu.