La Mgambo Likilia, Nani Analipwa?

Ukitaja neno mgambo mjini leo, mchuuzi wa pembeni mwa barabara anatazama kwanza pa kukimbilia. Lakini wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Baragumu lile liliita kila mtu, bila kuuliza nani yumo kwenye orodha ya mishahara. Shida huanza likishanyamaza, daftari likafunguliwa.

Turudi Kigoma, mwishoni mwa 1918. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amesalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba. Alikuwa na askari Waafrika 1,168, na wapagazi wengi kuliko hao. Walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa gari moshi kuelekea Tabora. Askari wale walikuwa wanadai mishahara yao.

Ila vita ile haikupiganwa na askari peke yao. Walikuwepo ruga-ruga, wapiganaji wa msimu, jina lililovuma tangu enzi za Mirambo. Kwa serikali ya kikoloni walikuwa rahisi: hakuna mshahara wa mwezi, hakuna kambi, na mara nyingi ujira wao ulikuwa nyara. Maana yake, bili ilitumwa kijijini, ikalipwa kwa mbuzi na mtama wa watu.

Deni la askari halikusahaulika. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa sana kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride, na hakuna aliyekosea. Kisa kitamu, lakini hebu mfikirie ruga-ruga. Gwaride angelijulia wapi? Mtihani uleule uliomtambua askari ndio uliomfuta mwenzake.

Mwaka huohuo, tarehe 20 Januari, wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam wakidai nyongeza ya mshahara na maafisa Waafrika. Wenzao wa kambi ya Tabora wakafuata. Hapa ndipo naona kiini cha jambo lenyewe. Mwanajeshi wa kudumu akikasirika, anakasirika pamoja na kambi nzima, na serikali inasikia. Mwanajeshi wa akiba anakasirika peke yake, shambani, jembe mkononi. Basi hazina ikipungua, panapokatwa kwanza panajulikana.

Jeshi lile lilivunjwa, JWTZ likaundwa Septemba 1964. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukasisitiza kwamba ulinzi ni wa umma, mgambo wafunzwe nchi nzima. Watu wa mpakani Kigoma hawakuhitaji kuelezwa sana: mwaka 1973 ndege za Burundi zilishambulia vijiji vyao. Halafu ikaja vita ya Kagera. Jeshi likapanuka haraka mpaka kupita watu 100,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mgambo wengi walirudi vijijini wakafunge huo mkanda pamoja na wengine.

Miaka ya ukata ikaendelea. Mwaka 1994 serikali ilisitisha mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria kwa sababu ya fedha, na hayakurejea hadi 2013. Vijana wa karibu miaka 20 hawakupita kambi kama Bulombora, huku Kigoma, kwa mujibu wa sheria. JWTZ lenyewe halikusitishwa, na sisemi lingepaswa kusitishwa. Nchi haiwezi kulala bila walinzi wa kudumu. Ninachosema ni kwamba neno "akiba" lina mtego. Akiba ya unga tunaitunza ghalani ili isiliwe na panya. Akiba ya watu tunaihesabu vita inapoanza, kisha tunaiacha ijitunze.

Vitabu vyetu vya historia vimejaa makamanda. Kama kwenu yupo mzee aliyeitwa mwaka 1978, muulize alirudi na nini. Uandike jibu lake, maana daftari la serikali huenda halina hata jina lake.