PS2 Haikuua PS3, Uliza Watu wa Ndhiwa

Kuna stori moja haiishi. Kila wasee wakianza kuongea historia ya gemu, lazima mmoja aseme PS2 ndiyo iliharibia PS3 soko. Ati watu walikuwa wametosheka na mashine ya zamani, wakakataa kununua mpya, Sony ikaumia. Na kama anayeongea ni jamaa wa Nairobi, ataongeza kwamba sisi watu wa mashinani ndio tulikuwa wabaya zaidi, tuling'ang'ania PS2 mpaka dunia ikatuacha.

Mimi ni wa Ndhiwa. Hayo maneno nimeyaskia ya kutosha, sasa wacha nijibu.

Kwanza nitawapa haki yao, kwa sababu namba ziko upande wao ukiziangalia haraka haraka. PS2 ilitoka Japani Machi 2000. PS3 ikatoka Novemba 2006. Katika mwaka wa biashara wa Sony ulioanza Aprili 2007 na kuisha Machi 2008, PS2 iliuza karibu mashine milioni 13.7, na PS3 ikauza milioni 9.2. Yaani mzee wa miaka saba alimpiga kijana ambaye ndio mwanzo anaingia uwanjani. Ukiishia hapo, kesi imeisha na PS2 ina hatia.

Lakini hiyo hesabu ina jambo inalolichukulia kimya kimya: kwamba kila mtu aliyenunua PS2 mwaka 2007 alikuwa amesimama dukani, mkono mmoja juu ya PS2, mwingine juu ya PS3, akijiuliza achukue gani. Hebu tuwe wakweli. PS3 ilipotoka Marekani bei yake ilikuwa dola 499 kwa ile ndogo na dola 599 kwa ile kubwa. Dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 70. Hiyo kubwa ni zaidi ya elfu arobaini, kabla hata hujataja usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. PS2 mpya mwaka huo huo ilikuwa dola 129. Mtu mwenye dola 129 hajakataa kitu cha dola 599. Hakuwa kwa hiyo foleni hata kidogo.

(Kitu kidogo cha kuchekesha kabla tuendelee. Huku kwetu ukisema Sony, wazee wengi watadhani unaongelea sukari. SonySugar, kampuni ya miwa ya South Nyanza, iko hapo Awendo tangu 1979, na timu yake ya mpira ilibeba ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Mwaka ule ule Sony ya Japani ilileta PS3. Kwa hivyo 2006 Sony yetu ilishinda, ile yao ikaanza kwa kuchechemea.)

Sasa angalieni kilichotokea baadaye, kwa sababu hapa ndipo stori ya hao jamaa inavunjika. Mwaka wa biashara ulioisha Machi 2009, PS3 iliuza kama milioni 10 na PS2 kama milioni 7.9. Mwaka uliofuata, PS2 ikauza milioni 7.3, haikushuka sana. Lakini PS3 ikaruka mpaka milioni 13. Nini kilibadilika? PS2 bado ilikuwa sokoni, tena Aprili 2009 ilikuwa imeshushwa bei hadi dola 99. Kama mashine ya zamani ndiyo inayoua mpya, basi hiyo dola 99 ingekuwa kisu. Kilichobadilika ni kwamba Sony ilitoa PS3 nyembamba na kuiuza dola 299, nusu ya bei ya ile kubwa ya mwanzo. Watu wakanunua. PS2 ilikuwa pale pale ikiwaangalia.

Tena rudi nyuma kidogo. PS1 ilipendwa kupita maelezo, zaidi ya mashine milioni 100 ziliuzwa. Je, iliiharibia PS2? PS2 iliuza zaidi ya milioni 155, na hakuna konsoli iliyowahi kuifikia. Sababu moja ni kwamba ilikubali CD za PS1, kwa hivyo ulihama nyumba ukiwa na fanicha yako. PS3 za kwanza kabisa pia zilikuwa na chipu za PS2 ndani. Halafu mwisho wa 2007, ili kupunguza gharama, ikaja PS3 ambayo CD ya PS2 haiigusi kabisa. Sony yenyewe ilikata daraja, halafu leo lawama inapewa mto.

Na kuna Wii, iliyouza zaidi ya milioni 100, halafu Wii U ya 2012 ikaishia milioni 13 na kitu. Wengine hupenda kuutumia kama ushahidi. Mimi naona ule ni mfano wa jina baya. Watu wengi walidhani Wii U ni kifaa cha kuongeza kwa Wii waliyonayo. Tuachane nao.

Turudi Ndhiwa, kwa sababu hapa ndipo nina la kusema ambalo jamaa wa Nairobi hana.

Nyumbani karibu hakuna aliyekuwa na konsoli. Sisi tulicheza kwenye kibanda. Mabati pande zote, benchi mbili, TV tatu za zile nene zenye kisogo kirefu, waya zimefungwa na karatasi ya nailoni, na maandishi ya chokaa mlangoni: HAKUNA MKOPO. Mechi moja ilikuwa bob 10. Ukishindwa unatoka, mshindi anabaki, na kama mshindi ni yule kijana wa Form Three asiyeshindwa, basi siku yako imeenda. Pesa ya miwa ikilipwa, kibanda kinajaa mpaka nje. Stima ikipotea, mnakaa gizani mkibishana kama lile bao lilikuwa limeingia.

Mwenye kibanda alikuwa na akili ya biashara kuliko wengi ninaowaona wakiandika kuhusu gemu. Karibu 2012 hivi tulimsumbua anunue PS3. Tulikuwa tumeiona kwa simu za watu, nyasi za uwanja zinang'aa, sisi tuko na wachezaji wenye nyuso za sabuni. Akatuuliza, "Omera, hiyo itanilipa lini?" Akatufanyia hesabu nyuma ya paketi ya sigara. PS2 ya mtumba ilimgharimu elfu saba, ambayo ni mechi 700. PS3 ya mtumba alikuwa ameulizia akaambiwa elfu ishirini na tano. Mechi 2,500. Halafu akatuuliza swali lililotunyamazisha: nikipandisha mechi iwe bob 20, nani hapa atacheza? Hakuna aliyeinua mkono.

Hiyo ni bei tu. Kulikuwa na mambo mengine. PS2 iliyowekwa chipu na fundi ilicheza CD za kopi, na CD ya kopi ilikuwa bei ya soda mbili tatu. PS3 ilifungwa vizuri sana, watu hawakuipasua mpaka 2010 kuelekea 2011. Kwa hivyo miaka minne ya kwanza, mwenye kibanda angehitaji kununua CD orijino, na huko Marekani gemu moja mpya ilikuwa dola 60. Sisemi kopi ni jambo zuri, nasema vile ilikuwa. Halafu kilichofanya PS3 iwe ghali ni pamoja na ile mashine ya Blu-ray ndani yake. Nani Ndhiwa alikuwa na diski ya Blu-ray? PS2 ilicheza DVD, ikatosha. Siku ambazo vijana wako shule, mwenye kibanda alikuwa anaweka filamu za DJ Afro kwa hiyo hiyo PS2, watu wazima wanalipa wanaingia. Mashine moja, kazi mbili.

Na gemu mpya zilikuwa bado zinakuja! Hili watu husahau. FIFA 14, ya 2013, ilitoka kwa PS2. PES 2014 pia. Sony ilikuwa imeshaacha kuitengeneza mashine yenyewe, mwanzoni mwa 2013, lakini CD bado zilikuwa zinatoka. Na Sony ilikuwa imefungua soko rasmi la PS2 huko Brazil mwaka 2009, miaka mitatu baada ya PS3 kuzaliwa. Kampuni inayoamini mashine yake ya zamani inaua ile mpya haiwezi kufanya hivyo. Wao walijua hao ni wateja wawili tofauti.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. PS2 zetu zilitoka wapi? Si dukani mpya kwa boksi. Zilikuwa mtumba. Nyingine zilitoka Uingereza zikashukia Nairobi, Luthuli Avenue, nyingine ni za watu wa Nairobi wenyewe. Jamaa wa Kilimani au Buruburu alitaka PS3. Hakuwa na pesa yote. Akauza PS2 yake, akaongeza kidogo, akanunua. Ile PS2 ikapanda basi la usiku, ikashuka Rodi Kopany, ikawekwa kwa nduthi, ikaingia kibanda Ndhiwa. Elfu saba zetu, bob 10 kwa bob 10, ndizo zilienda kujazia PS3 ya mtu wa Nairobi.

Mnaona? Kama PS2 ingekuwa haina thamani mwaka 2010, kama sisi tungekuwa tumeiacha vile wao wanataka, yule jamaa angeuzia nani? Angekaa nayo chini ya kitanda, na PS3 angeisubiri mwaka mwingine. Umaarufu wa mashine ya zamani huku chini ndio uliyoisukuma ile mpya kule juu. Ni kama simu. Mtu anayebadilisha simu kila mwaka anaweza tu kwa sababu kuna mtu mwingine anayesubiri ile ya zamani.

Yule mwenye kibanda hatimaye alinunua PS3. Ilikuwa 2014, na alinunua kwa pesa ya PS2. Ya kwanza ilikaa peke yake kona moja, mechi bob 20, na ajabu ni kwamba ilipata wateja, kwa sababu sasa kulikuwa na vijana waliofunzwa kucheza na zile za bob 10. PS2 hakuziondoa. Watoto wa primary walianzia huko, wakikua wanahamia kona ya wakubwa.

PS4 ndiyo ilichelewa kweli, na hapa tena si kosa la PS3. PS3 ilikubali waya wa zamani wa rangi tatu, ukaichomeka kwa TV yoyote yenye kisogo. PS4 ina HDMI tu. Kwa hivyo bei ya PS4 kwa kibanda cha mashinani haikuwa bei ya PS4, ilikuwa ya PS4 na TV mpya, mara tatu kama una viti vya watu sita. Wakati huo ndio kwanza watu walikuwa wametoka kununua visanduku vya dijitali vya 2015 ili TV zao nene ziendelee kushika stesheni. Ukimwambia mtu kama huyo atupe TV, atakutupa wewe.

Leo mjadala ni ule ule, majina tu yamebadilika. Ati PS4 inaizuia PS5. FC 25 ya mwaka 2024 ilitoka kwa PS4 pia, miaka 11 baada ya PS4 kuzaliwa, na watu wanalalamika. Mimi kinachonisumbua ni kingine. Tangu 2020 kuna PS5 isiyo na mahali pa kuweka diski kabisa. Na bei zenyewe zimeanza kupanda badala ya kushuka; Agosti 2025 Sony iliongeza dola 50 huko Marekani, mashine ikiwa na karibu miaka mitano. PS2 kwa umri huo ilikuwa imeshuka kwa nusu. Sasa gemu zako zikiwa kwa akaunti yako, siku ukitaka kuniuzia mashine ya mtumba, utaniuzia nini? Plastiki. Mnyororo ule wa Nairobi hadi Rodi unakatika katikati, na safari hii mtu wa juu pia ataumia, kwa sababu hatapata wa kumjazia.

Kwa sasa bado unafanya kazi. Beste yangu mmoja yuko Nairobi, anataka PS5, na wiki iliyopita aliniuliza kama huku kuna mtu wa kuchukua PS4 yake. Wako watatu. Nimemwambia alete na padi mbili na zile diski zote, la sivyo bei inashuka.