Picha za bure ziliisha 2021

Wasee, mnakumbuka tukihifadhi picha bila kuhesabu? Google Photos ilianza Mei 2015 ikitupa nafasi ya bure bila kikomo, bora ukubali picha zipunguzwe ubora kidogo. Tukazoea. Halafu 1 Juni 2021 mambo yakabadilika: kila picha mpya inakula zile GB 15 zako, pamoja na Gmail na Drive.

Ndio maana siku hizi watu wanafuta ovyo. Lakini ukifuta ndani ya programu hiyo, picha inatoka kwa akaunti na kwa simu pia. Inakaa kwa taka siku 60, kisha kwaheri.

Nakili kwanza kwa kompyuta ama flashi, zifungue uhakikishe, ndio ufute. Masharti ya kampuni hubadilika. Picha ya shosho aliyetuacha hairudi.